Ushauri: Nimeweka bonasi kazini na zawadi nyumbani, kote kumeharibika

Pindo la Moro
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, mwenye matusi ayapumzishe kidogo.

Nina karakana ya ushonaji hapa Morogoro, mafundi saba na overloki moja. Kazi yetu kubwa ni sare za shule, kwa hiyo Desemba na Januari huwa hatulali. Miaka yote nalipa mshahara wa mwezi. Mwezi wa kumi na moja nikaona soga zimezidi, nikatangaza: atakayevuka mashati 12 kwa siku, kila linalozidi ana 700 yake juu ya mshahara.

Wiki ya kwanza nikafurahi hadi nikamwambia mke wangu tutaongeza overloki ya pili. Wiki ya tatu akaja mama mmoja na shati la mwanawe. Akalitandaza mezani, akaishika kola kwa vidole viwili, akavuta kidogo tu. Ikaachia upande mzima, kama unamenya ndizi. Hakusema neno. Nikageuza ndani: mishono mirefu kama ya gunia, mwisho wa mshono fundi hakurudi nyuma hata mara moja, nyuzi zinaning'inia. Na aliyelishona ndiye fundi wangu bora, mama wa makamo ambaye zamani alikuwa anafumua kazi yake mwenyewe bila kuambiwa. Nilipomuuliza akanijibu, "Si ulisema mashati, bosi."

Nyumbani nako vilevile. Mwanangu yuko darasa la nne, alikuwa anapenda hadithi. Nikataka azidishe, nikamwahidi mia tano kila akimaliza kitabu. Sasa anachagua vyembamba vyenye picha kubwa. Juzi nimemkuta anafunua kurasa huku macho yapo kwenye runinga. Nikasema hela basi, naye kitabu akakirudisha kabatini.

Jumatatu nimefuta bonasi. Mafundi wamenuna, wawili wanasema nimewakata mshahara. Kweli watu hawawezi kujituma bila hela?

Kisu Butu
Fukuza wawili, watano waliobaki watashona vizuri. Uzi ufungwe.

Mwalimu wa Zamu
Huyo Kisu Butu mpitieni tu. Mimi nitajibu la mtoto maana ndilo ninalolijua.

Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walichapisha jaribio walilofanya kwenye chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walichukua watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja wakaahidiwa kwamba wakichora watapewa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe. Kundi la pili hawakuahidiwa kitu, ila walipomaliza wakapewa cheti hicho hicho kwa kushtukizwa. La tatu halikupata chochote. Baada ya wiki moja au mbili kalamu zikawekwa tena mezani, hakuna cheti, anayetaka achore. Wale wa ahadi walichora karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Wale wa kushtukizwa hawakuharibika.

Umeona penyewe? Cheti ni kilekile, kilichotofautiana ni ahadi. Mtoto alikuwa anasoma kwa raha zake, wewe ukakipangia kitabu bei. Kichwani mwake kikawa kibarua, na kibarua mtu hutafuta kilicho chepesi. Kwa hiyo hata kuchagua vyembamba si uvivu, ni hesabu nzuri kabisa.

Ushauri wangu: usimhubirie. Soma naye jioni, na ukifika panapotamu simama, sema umechoka. Kama ana mdogo wake, mwambie amsomee. Ukitaka kumpa zawadi mpe siku asiyoitegemea, na umsifu kwa kitu ulichokiona, mfano alivyolihangaikia neno gumu mpaka likatoka. Ila kwa somo ambalo mtoto halipendi kabisa, mimi nimewahi kuanzia na pipi darasani na sijutii. Huwezi kuua hamu ambayo haipo.

Mtu wa Utumishi
Kwa mafundi, wengi watakuletea piramidi ya mwanasaikolojia Maslow, ya njaa kwanza heshima baadaye. Nadharia yenyewe ni ya 1943, inapendeza ubaoni, lakini kwa tatizo lako haisaidii sana.

Anayekufaa zaidi ni Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani. Yeye na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu takriban 200 wa eneo la Pittsburgh, matokeo yakatoka 1959. Wakawauliza: lini ulijisikia vizuri sana kazini, na lini vibaya sana? Kwenye vibaya vikajaa usimamizi, kanuni za kampuni, mshahara, mazingira. Kwenye vizuri vikajaa kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa dhamana. Wapo waliompinga kwamba mtu akifaulu hujisifu mwenyewe na akikwama humlaumu bosi, kwa hiyo majibu yalishaegemea upande. Ni hoja ya haki. Lakini mama yako aliyekuwa anafumua kazi yake alikuwa na kitu hicho cha pili, na wewe ukakifunika kwa 700.

Ubaya ni kwamba kufuta bonasi hakurudishi mambo yalipokuwa. Kule Haifa, Israeli, vituo vya kulelea watoto viliweka faini ya shekeli 10 kwa mzazi anayechelewa kumchukua mtoto zaidi ya dakika 10. Wanauchumi Gneezy na Rustichini waliandika habari hii mwaka 2000. Wachelewaji wakaongezeka karibu mara mbili, maana aibu ya kumweka mlezi akisubiri ikageuka huduma ya kulipia. Faini ikaondolewa, kuchelewa kukabaki palepale juu.

Swali moja: anayetoboa matundu ya vifungo na yule anayekata vitambaa, bonasi yao ilikuwaje?

Pindo la Moro
Hawakuwa nayo. Hawamalizi shati, nitawahesabiaje?

Mtu wa Utumishi
Basi ugomvi wako mwingine huo hapo. Mwanasaikolojia Adams aliliandika hilo tangu 1963: mtu hapimi anachopata peke yake, anapima anachotoa na anachopata, kisha anamtazama jirani yake.

Dada Bobini
Mimi ni fundi wa kuajiriwa, miaka kumi na moja nakanyaga cherehani. Naomba msitumie saikolojia kumnyima fundi hela. Mwenye nyumba hapokei "kutambuliwa". Bosi, ulipoweka 12 ulimuuliza nani? Shati la mikono mirefu na la mikono mifupi kwako ni shati moja? Na waliponogewa na ile 700 wakaipigia hesabu ya ada za Januari, umeinyofoa Jumatatu asubuhi. Kununa ni kidogo.

Hela iingize kwenye mshahara. Kisha kila fundi awe na alama yake ndani ya kola. Kazi yenye alama yako huwezi kuilipua.

Wa Kericho
Huku kwetu wachumaji wa chai hulipwa kwa kilo, na hakuna aliyekosa hamu. Lakini majani huanikwa mezani yakaguliwe kabla ya mizani: majani mawili na chipukizi, makubwa yanatupwa. Shida yako haikuwa hela, ni mizani bila meza.

Pindo la Moro
Mrejesho, wakuu. Jumamosi nimekaa na mafundi chini ya mwembe, nikaanza kwa kuomba radhi. Yule mama akasema, "Ulitutangazia, hukutuuliza." Dada Bobini, nilikukumbuka.

Tumekubaliana hivi: mshahara umepanda kidogo kwa wote, mkataji na wa matundu wakiwemo. Mwisho wa mwezi mashati yaliyorudishwa yakiwa chini ya matano, kuna fungu la kugawana sawa. Meza ya kukagua ipo, wanapokezana wenyewe. Kila mtu kachagua rangi ya uzi wa alama, mama kachukua kijani. Jana nimemwona kashika shati la mwenzake, kavuta kola kwa vidole viwili, kalirudisha bila kusema kitu. Kasi imeshuka, sikatai, na overloki ya pili isubiri.

Dogo bado. Juzi alimsomea mdogo wake kurasa mbili, akafunga kitabu, akaja kuniuliza kama hizo mbili zinahesabika.