Mimi na wife Paje siku tano, bahari inakauka kweli?

igoma_mwz aliandika:
Habari zenu wakuu. Mimi niko Mwanza, mwezi wa nane tunatimiza miaka sita ya ndoa na hatujawahi kusafiri sisi wawili tu, kila safari ni msiba au harusi au kupeleka watoto kwa bibi. Safari hii watoto wanabaki kwa bibi yao sisi tunaenda Zanzibar. Mjini tutalala usiku mmoja, zilizobaki nataka Paje kwa sababu nimeona video za wale wanaosimama kwenye ubao wanavutwa na kaiti, ile tiara kubwa, juu ya maji nikasema hiki kitu lazima nijaribu. Wife yeye anataka kulala, kula samaki na kutembea pwani jioni, basi, hataki ratiba. Sasa kuna jamaa kanitisha kwamba kule bahari inakauka mchana kutwa mnabaki mnaangalia mchanga, ni kweli? Mwezi wa nane ni mzuri au nisogeze? Na hiyo kaiti kujifunza ni siku ngapi? Mke wangu hajui kuogelea. Nisaidieni, hii hela nimeiweka tangu mwaka jana sitaki tukosee.

mtu_wa_kusini alijibu:
Karibuni sana kaka. Mie ni wa Jambiani, Paje ni hapo jirani yetu tu. Bahari haikauki mchana kutwa, inajaa na kukupwa mara mbili kila siku kama kwengine, ila huku kwetu pwani ni bapa na mwamba uko mbali, kwa hiyo maji yakitoka yanatoka kweli, unaweza kutembea mpaka ukawaona watu wa ufukweni kama sisimizi. Wageni wengi wanakuja bila kuangalia mwezi halafu wanalalamika.

Sikiliza. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Hapo maji yanakupwa sana kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri, yanafika mpaka kwenye minazi. Nusu mwezi ni maji mafu, mambo yanageuka, saa nne asubuhi ndiyo yamejaa, na jioni yakitoka hayaendi mbali. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo kabla hujalipia chumba fungua kalenda ya mwezi. Kama bibie anapenda kuingia majini asubuhi akishakunywa chai njooni wakati wa maji mafu, kama nyinyi ni watu wa kulala mpaka saa tano basi bamvua inakufaeni zaidi maana mkiamka maji ndiyo yanarudi.

Lakini mie nasema msiikimbie bamvua. Hiyo saa nne maji yakiwa yametoka ndiyo kinamama wanashuka kwenye mashamba ya mwani, ule mmea wa baharini. Mtawakuta wameinama, maji ya vifundoni yameshapata moto wa jua, kamba zimevutwa kati ya vigingi na kila kishada kimefungwa na kikamba chake. Mama yangu amelima mwani tangu ulipoanza huku 1989, nyumba tuliyokulia imejengwa na mwani. Ule mzito wenye bei, kotonii, sikuhizi unakufa maji yakipata joto ndiyo maana wengi wamebaki na spinosamu, aina nyengine ya mwani. Mkipita salimieni, msikanyage kamba, na picha ombeni kwanza. Ukisalimia vizuri utaoneshwa mpaka namna ya kufunga, wife wako atafurahi kuliko hiyo kaiti wallahi.

Mwezi wa nane ni kusi, msimu wa upepo wa kutoka kusini, upepo upo karibu kila siku na joto si kali. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ni Disemba mpaka Februari na siku kadhaa za Machi, jua lake ni la kuchoma. Masika msije.

mama_kigamboni alijibu:
Kaka naomba nikwambie kama mke. Tulienda Paje mwaka juzi mimi na baba watoto, siku nne, naye alikuwa na hamu hiyohiyo ya kaiti. Akajiandikisha darasa lote. Kaiti haijifunzwi siku moja, ni siku tatu nne za kuhangaika mpaka usimame kwenye ubao, na mwalimu anapanga saa kwa kufuata maji na upepo, si kwa kufuata chakula chenu. Basi mwenzangu leo saa nane, kesho saa tatu, mimi nimekaa chini ya makuti nimeshika simu na miwani yake. Siku ya tatu nililia. Sikumwambia pale, nilimwambia kwenye boti tunarudi Dar na alinyamaza mpaka tunashuka. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alidhani mimi napumzika.

Ushauri wangu chukua somo moja tu la kuanzia, saa mbili tatu, wanakufundisha kuendesha kaiti ndogo mchangani kwanza halafu kidogo majini, utapata ladha yake na picha utapiga. Ukiipenda utarudi. Huyo mkeo ambaye hajui kuogelea maji yakiwa nusu anaweza kukaa humo ndani yanafika kiunoni, mawimbi makubwa yanavunjikia kwenye mwamba huko mbali, ndani pametulia. Mshike mkono muingie wote. Ila asikae kwenye njia ya wenye kaiti, zile kamba ni nyembamba na zinakata.

Na mnunue viatu vya maji. Mimi nilikanyaga yule mdudu wa baharini mweusi mwenye miiba mirefu, mguu uliniuma usiku kucha, dada wa jikoni ndiye alinikamulia papai bichi ikatulia.

Kitu ambacho mpaka leo tunakikumbuka wote wawili ni alfajiri. Paje inatazama mashariki, jua linatoka baharini, siku ya mwisho tuliamka saa kumi na moja na nusu tukakaa kwenye ngalawa iliyolazwa mchangani na kitenge kimoja tumejifunika wote, hakuna mtu. Machweo hamtayaona hapo, jua linazamia nyuma ya kijiji, kwa hiyo jioni moja nendeni Michamvi Kae upande wa pili, si mbali.

pwani_ya_diani alijibu:
Mimi ni Mkenya niko Diani, huku pia ni kusi na kaskazi na mwamba hivyohivyo, na niliwahi kuja Paje na bibi yangu, yaani mke wangu. Niongeze tu kwamba kama ni mawimbi ya kupanda na ubao unatafuta, Paje siyo, pale ni kaiti. Kutoka mjini kuna daladala za 309 za Jambiani na 324 za Bwejuu zote zinapitia Paje, ni pole pole lakini unaona nchi. Njiani mnapita msitu wa Jozani, shukeni mkaone kima punju, wale kima wekundu, asili yao ni Unguja na visiwa vyake tu, sisi tulipoteza saa tatu pale na hatukujuta. Na mkitoka ufukweni kuingia kijijini bibi ajifunge leso, yaani kanga, na wewe vaa shati, kile ni kijiji cha watu wanaenda msikitini.

igoma_mwz aliandika:
Asanteni mno. Mama Kigamboni hiyo yako nimemsomea wife kwa sauti, akaniangalia tu hakusema kitu, ndio nikajua. Nimefuta lile darasa la siku tatu, nachukua somo moja siku ya pili na hela iliyobaki tunaongeza usiku mmoja. Kalenda tumeiangalia wote, tumesogeza mbele siku nne tuangukie mwezi mpevu kwa sababu anataka kwenda kwenye mwani na wale kinamama. Mtu wa Kusini, hivyo viatu vya maji ninunue huku au vipo huko? Na mama yako tumletee nini kutoka Mwanza?

mtu_wa_kusini alijibu:
Viatu nunueni huko, huku vipo ila namba kubwa za kiume zinasumbua. Mama nimemuuliza, kasema mleteeni dagaa wa ziwani, anawasikia tu hajawahi kuwaonja.