Ilani ilisema zahanati, boma letu bado halina paa. Tumuulize nani?

Mjumbe wa Kamati

Wakuu, salaam. Niko kwenye kamati ya ujenzi wa zahanati ya kijiji chetu, huku Kanda ya Ziwa. Wananchi tulichanga elfu tano tano kila kaya, tukasomba mawe na mchanga, kina mama wakabeba maji ya zege, boma likasimama hadi lenta. Tuliambiwa tukifika hapo Serikali itapaua na kumalizia. Tangu wakati huo mvua inanyesha ndani, nondo zilizochomoza juu zimeshika kutu, na ukuta wa chumba cha kujifungulia umepiga ufa pembeni ya dirisha. Mama akishikwa uchungu usiku bado anapakiwa kwenye bodaboda hadi kituo cha afya cha kata ya jirani.

Wakati wa kampeni mgombea alishika kitabu cha Ilani ya CCM jukwaani, akasoma sehemu ya afya, tukapiga makofi. Diwani nikimuuliza anasema "lipo kwenye Ilani, litatekelezwa". Mtendaji nikimuuliza anasema "tunasubiri maelekezo". Wenye uzoefu nisaidieni: ahadi ya chama tawala inageukaje kuwa bati na misumari? Na wa kuulizwa hasa ni nani? Naomba tusirushiane maneno ya vyama, nataka kuelewa.

Balozi wa Shina

Pole sana ndugu yangu. Mimi ni balozi, na sitaki uondoke hapa ukiamini Ilani ni karatasi tu. Elimu bila malipo ilikuwa ahadi ya uchaguzi wa 2015. 2016 ikaanza hadi kidato cha nne, na 2022 ikafika kidato cha sita. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji ni megawati 2,115. Treni ya SGR, reli ya kisasa, inabeba watu Dar hadi Dodoma tangu 2024. Hayo yameonekana kwa macho.

Ila hapo kwenu kuna jambo halijakaa sawa. Diwani akisema "lipo kwenye Ilani" halafu akanyamaza, hajakujibu. Mwambie akueleze limefika hatua gani.

Mtendaji Mstaafu

Mdogo wangu Mjumbe, nimekuwa mtendaji wa kijiji, kisha wa kata, mpaka nikastaafu. Nitakujibu kwa kirefu, maana swali lako nililisikia kila mkutano na mara nyingi wakubwa walilijibu nusu nusu.

Kwanza, Balozi ametaja miradi ya kweli, lakini bwawa na reli vina njia yake. Fedha yake inapangwa kitaifa, wizara moja inaisimamia, na taifa zima linaitazama. Zahanati yako inapita halmashauri, na huko inashindana na madarasa, matundu ya vyoo, barabara za vijijini na maboma mengine kama lenu. Ilani inasema chama kinataka nini kwa miaka mitano. Haina kasma, yaani fungu la fedha kwenye bajeti. Hakuna mhasibu anayeweza kuandika hundi kwa kunukuu Ilani. Ahadi inaanza kuwa na nguvu siku inapoandikwa kwenye mpango na bajeti ya halmashauri kwa jina la kijiji chenu.

Na jina la kijiji linaanzia kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji unaibua vipaumbele, muhtasari unakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kata inapeleka halmashauri, halmashauri inapeleka mkoani, hadi TAMISEMI, yaani wizara ya serikali za mitaa, na Hazina, Bunge linapitisha, na Julai 1 mwaka wa fedha unaanza. Nimeona kijiji kinalia zahanati mwaka mzima, ukifungua kitabu cha mpango unakuta kimeandikiwa josho la mifugo, kwa sababu muhtasari ulioandikwa siku ile ulisema josho. Kwa hiyo swali lako la kwanza lisiende kwa diwani. Omba kuona muhtasari wenu wa mwaka jana.

Sasa nikupeleke mahali ambapo wananchi wengi hawafiki. Halmashauri inapokuwa imekusanya maombi ya kata zote, ukomo wa bajeti, yaani kiwango ambacho halmashauri haiwezi kukivuka, unashuka kutoka juu, na mara zote ni mdogo kuliko maombi. Hapo wataalamu wanakaa na kalamu. Nimekaa vikao hivyo. Mradi usio na makisio ya mhandisi unakatwa kwanza, kwa sababu hakuna anayejua utagharimu kiasi gani. Mradi ambao diwani wake hayupo unafuata. Kulikuwa na kijiji kimoja kwenye kata yangu, mwenyekiti wake mtu mpole kabisa, alimfuata mhandisi wa halmashauri hadi akaja kupima boma, akaandikiwa makisio ya kupaua, milango, dari na sakafu, kila kitu na bei yake. Karatasi ile ndiyo iliyookoa zahanati yao. Vijiji viwili jirani vyenye maboma mazuri kuliko lile vilikatwa.

Halafu jifunze kutofautisha maneno haya, maana viongozi hupenda kuyachanganya: fedha *kutengwa*, *kuidhinishwa*, *kupokelewa*, *kutumika*. Diwani anaposema "tumetenga milioni hamsini" amekwambia hatua ya kwanza tu. Fedha inaweza kutengwa na kuidhinishwa, mwaka ukaisha Juni 30 bila shilingi kuingia kwenye akaunti ya kijiji. Muulize: imepokelewa lini, na ni kiasi gani?

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Mwaka 2007 Serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wa kufika 2017: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Nia ilikuwa njema na vituo vingi vilijengwa. Lakini vijiji vilihimizwa kuanza wakati mmoja, na halmashauri hazikuwa na fedha za kupaua kila kilichoanzishwa. Ndiyo asili ya maboma mengi. Kiongozi anapenda kuweka jiwe la msingi kwa sababu lina sherehe na kibao chenye jina lake. Kumalizia kiporo hakuna kibao. Mimi nikisikia mgombea wa chama chochote anaahidi kumalizia viporo kabla ya kuanzisha vipya, huyo namsikiliza.

Na msisahau: paa si zahanati. Ulizeni mapema kuhusu mtumishi, nyumba ya mtumishi, usajili wa kituo na dawa. Nimeshuhudia jengo limepakwa rangi, likafungwa kufuli kwa kukosa muuguzi, popo wakahamia.

Mama Vikoba

Asante sana Mtendaji, shikamoo. Nina la kuongeza upande wa utawala bora.

Mkuu wa wilaya anasoma taarifa ya utekelezaji wa Ilani mbele ya Halmashauri Kuu ya CCM ya wilaya. Mle ndani mna majina ya miradi na fedha. Ni vizuri chama kiisimamie Serikali yake. Lakini kodi tunalipa wote, wenye kadi na wasio na kadi. Kwa nini taarifa hiyohiyo isisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji? Sisi wa vikundi tunapata habari za miradi yetu kwa tetesi.

Ukaguzi ukiwa wazi, mambo yanabadilika. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa. Ilirudi 2024 kwa utaratibu mpya. Tulioumia ni sisi tuliokuwa tunarejesha, lakini ilikuwa lazima. Ripoti ya CAG ya serikali za mitaa inatolewa kila mwaka kwa Kiswahili na Kiingereza. Tafuteni halmashauri yenu humo.

Na Katiba mpya ni ahadi pia. Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Warioba ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni, Bunge Maalumu la Katiba likapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, kura ya maoni ya Aprili 2015 ikaahirishwa, na hadi leo haijapigwa. Huwezi kuzungumzia utawala bora ukaliruka hilo.

Balozi wa Shina

Mama Vikoba, kwenye taarifa kusomwa kijijini nakuunga mkono kabisa, na nitalipeleka kwenye kikao cha tawi. Mwanachama anayeijua taarifa ndiye atakayeitetea Ilani mtaani kwa hoja.

Mjumbe wa Kamati

Nawashukuru wote. Mtendaji, shikamoo mzee wangu. Tatizo ni kwamba kwetu mkutano mkuu haujaitishwa muda mrefu sana, na mapato na matumizi hayajabandikwa. Mtendaji wetu nikimuomba muhtasari ananiambia ni nyaraka ya ofisi. Nifanye nini bila kuleta ugomvi?

Mtendaji Mstaafu

Marahaba. Muhtasari wa mkutano wa kijiji ni wa wanakijiji, asikutishe. Mkutano mkuu unapaswa kuwepo kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe. Mwenye jukumu la kuitisha ni mwenyekiti, mtendaji ni katibu. Kwa hiyo andikeni barua kwa mwenyekiti, kamati nzima mtie saini, nakala kwa mtendaji wa kata. Mtu mmoja akiandika ataonekana mkorofi.

Muhtasari na taarifa ya fedha ombeni kwa maandishi mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ofisi ina siku 30 za kujibu, na mkinyimwa mnaweza kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi. Mpelekeeni barua kwa heshima, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Baraza la madiwani nalo ni la wazi. Nendeni wawili watatu mkakae nyuma msikilize kata yenu inasema nini.

Ila kabla ya yote hayo, mleteni mhandisi aangalie ule ufa. Akisema ukuta hauwezi kubeba paa, makisio yanabadilika, na ni bora mlijue kabla ya vikao vya bajeti vya Januari kuliko baada ya bati kuletwa. Pigeni picha zenye tarehe. Zile nondo zifunikeni hata kwa mifuko ya saruji wakati mnasubiri.