Mwili mzima unauma, vipimo vyote safi. Nani anamjua dakta wa fibromayalgia, Unguja au Dar?

Sindano_Butu
Asalaam aleikum wanajukwaa. Mie ni mama wa watoto wawili, nakaa Chake, Pemba, kazi yangu kushona. Tangu Mfunguo Nne mwili waniuma na maumivu hayakai pahala pamoja: leo mabega, kesho nyonga, keshokutwa mpaka nyayo. Nikiamka asubuhi ni kama mtu aliyetwangwa kinuni usiku kucha. Nalala muda wa saa nane na bado naamka na usingizi. Na kichwa kimekuwa chungio. Wiki iliyopita nimemkatia mtu gauni, mkono mmoja mrefu mmoja mfupi, na kipimo nilikiandika mwenyewe kwa chaki.

Nimepima malaria, taifodi, mkojo, wingi wa damu, mara mbili spitali mbili tofauti. Jibu ni moja: "Mama, huna kitu." Napewa panadoli na diklofenaki narudi kwangu. Nimesoma kwenye simu habari za fibromayalgia, ugonjwa wa mwili kuuma kila pahala na uchovu usioisha, nikajiona mie mtupu. Nauli ya boti nishaweka. Namtaka dakta atakayeniandikia jina la ugonjwa kwenye karatasi, basi.

Karafuu_Kavu
Bibie, hiyo baridi yabisi, usijisumbue na majina ya Kizungu. Babangu alikuwa mtu wa mchezo wa ng'ombe, mwaka mmoja ng'ombe akamtia pembe ya kiuno. Miaka sita hakuinama. Alipona kwa mafuta ya karafuu na kuumikwa mgongoni. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mwekundu, ana doa jeupe usoni, wallahi nikikutajia watu waliomkimbia utacheka.

Pasi_ya_Mkaa
Fundi, umeinamia cherehani miaka mingapi? Ugonjwa wako unaitwa sare za skuli. Mpe pole na cherehani pia.

Ustadh_wa_Zamani
Dada, maumivu yanayohama hama si ya kupuuzwa. Umewahi kuota bahari? Au ng'ombe anakufukuza?

Pasi_ya_Mkaa
Ng'ombe tunaye tayari hapo juu, Ustadh. Ana doa usoni.

Mmakonde_Halisi
Mbona hakuna aliyetaja chikungunya? Neno lenyewe la kwetu, ni kukunjamana, maana mgonjwa hanyooki. Mlipuko ulioupa ugonjwa jina ulitokea uwanda wa Makonde, 1952 na 1953. Homa huisha kwa siku chache lakini viungo vinaweza kuuma miezi, wengine hata miaka. Dada, maumivu yalianza na homa kali na vipele?

Sindano_Butu
Homa sikuwa nayo. Ustadh, kisomo nishafanyiwa na kombe nimekunywa, mama mkwe ndiye aliyeshughulika. Cherehani nimeanza na miaka kumi na saba, sikuwahi kuwa hivi. Narudia swali langu: dakta.

Nesi_wa_Zamu
Wa aleikum salaam. Nifafanue kwanza. Hakuna kipimo cha damu kinachosema hii ni fibromayalgia. Damu inapimwa ili kuondoa vinavyofanana nayo: tezi ya shingo, upungufu wa damu, baridi yabisi yenyewe, upungufu wa vitamini D na kadhalika. Kwa vigezo vya 1990 dakta alibonyeza vituo 18 mwilini, vikiuma 11 ndiyo. Vigezo vya 2010 vikaja na njia nyingine: zinahesabiwa sehemu 19 zinazouma, yanaangaliwa usingizi, uchovu na usahaulifu, na hali iwe imekaa miezi 3. Kwa hiyo si lazima uvuke bahari kumtafuta bingwa. Dakta mwenye subira atakusikiliza hapo hapo Chake au spitali ya Abdalla Mzee, Mkoani.

Lakini kitu cha kwanza atakachokuuliza ni dawa. Umetumia dawa gani mwaka huu? Zote, hata za dukani.

Sindano_Butu
Ahsante nesi. Panadoli tu.

Karafuu_Kavu
Na mafuta ya karafuu hujajaribu.

Nesi_wa_Zamu
Panadoli tu, na diklofenaki uliyoitaja mwenyewe. Ndiyo maana nauliza tena. Mwaka huu umenenepa au umekonda?

Sindano_Butu
Kwani kunenepa kunahusiana nini na nyayo kuuma?

Pasi_ya_Mkaa
Nesi kashika uzi. Mie navuta mkeka.

Sindano_Butu
Haya. Kulikuwa na harusi ya ndugu wa mume wangu, na mie nilikuwa mwembamba, nguo zikinikaa kama zimetundikwa msumarini. Wifi yangu akanionesha vidonge vidogo vya dexa pamoja na vingine vya kutia hamu ya kula. Nikatumia. Kimoja asubuhi, kimoja usiku, si vingi. Kutoka Mfunguo Saba mpaka Mfunguo Tatu, miezi minane. Sikukuu ilipopita nikaacha, maana uso ulizidi kuwa duara. Basi. Kila mtu anatumia. Wifi mwenyewe katumia miaka na kwenye rusha roho hakai kitini. Sasa hivi nikizidiwa sana nameza kimoja, napata nafuu siku mbili. Lakini hilo halihusiani, mie nina dalili zote za fibromayalgia, nimezihesabu.

Nesi_wa_Zamu
Dada yangu, soma haya taratibu. Dexa inafanya kazi ya homoni ambayo mwili hujitengenezea wenyewe kwenye tezi zilizo juu ya figo. Ukiinywa miezi, tezi zinalala, zinaona kazi ina mtu. Ukiikata siku moja, homoni ya kidongeni haipo na tezi bado hazijaamka, na kuamka kunaweza kuchukua miezi mingi. Hapo mwili unauma, unachoka, akili inapotea. Sisemi ndiyo, sisemi siyo, mie sijakushika mkono. Ila fibromayalgia si ugonjwa unaotulizwa na dexa, na wewe unasema kimoja kinakupa siku mbili.

Usijiongezee, wala usiwe unameza leo unaacha kesho kwa kujipimia. Nenda kwa dakta. Apime presha umelala kisha umesimama, sukari, chumvi za damu, na hiyo homoni ya kotizoli asubuhi. Ukitapika, ukazimia, au ukipata homa na kizunguzungu, usingoje boti: spitali moja kwa moja, na neno la kwanza mdomoni liwe dexa.

Chai_Rangi
Samahanini, hii chai. Akaunti imefunguliwa juzi. Kwanza fibromayalgia, halafu "panadoli tu", halafu miezi minane ya dexa. Mtu yuko Chake, vidonge miezi minane anapata wapi bila mtaa mzima kujua? Subirini, kesho atatokea mtu na namba ya simu, "dawa asilia inayosafisha dexa mwilini". Nimeshaiona hadithi hii kwa majina mengine.

Mmakonde_Halisi
Mie nilianza kushuku pale aliposema hakuwa na homa.

Pasi_ya_Mkaa
Wewe umekasirika tu kwa kunyimwa chikungunya yako.

Sindano_Butu
Chai_Rangi, Mungu akusamehe. Nilinunua Darajani, Unguja, nilipokwenda harusini, vikiisha wifi akinitilia kwenye boti ndani ya kopo la maziwa ya unga. Akaunti ni ya juzi kwa sababu ile ya zamani mume wangu anaijua. Sina dawa ya kumuuzia mtu. Nimeweka picha ya lile gauni, tizameni mikono.

Chai_Rangi
Nimetizama. Gauni naliamini. Hakuna tapeli atakayeharibu kitambaa kizuri vile kwa makusudi. Ila mume kasababisha nini mpaka ufiche akaunti?

Sindano_Butu
Hajasababisha. Yeye anaamini nimenawiri kwa samaki wake. Akikaa barazani anajisifu, "mke wangu mie namlisha." Sasa nimelala kutwa, sahani hazijaoshwa, na mama yake anasema ni uvivu wa kunenepa. Ndiyo maana nataka karatasi yenye jina. Jina la ugonjwa ambao mtu hajautafuta. Yeye ndiye atakayenipeleka, na anataka kuingia ndani na mie.

Ustadh_wa_Zamani
Mwanamke kumficha mumewe ni mlango wa

Ustadh_wa_Zamani
Samahani, simu imejituma kabla sijamaliza. Nimesoma tena ulichoandika. Nenda spitali kwanza, mengine yatazungumzwa.

Karafuu_Kavu
Mie mke wangu aliniambia ya kwake baada ya miaka tisa. Si dexa, ni mkopo. Nilinuna siku nne, nikachoka.

Nesi_wa_Zamu
Pale mapokezi mwambie nesi kwa sauti ndogo unataka kumwona dakta peke yako kwanza. Hiyo ni haki yako. Ukiona ulimi mzito, andika kwenye karatasi: jina la kidonge, vingapi kwa siku, tangu lini, lini uliacha, lini umemeza cha mwisho. Mpe.

Sindano_Butu
Boti nimeahirisha, niko hapa hapa kwetu. Nimeandika kwa chaki ya kukatia, kalamu sikuiona. Karatasi nimeikunja mara nne iko kwenye pochi. Mume kakaa pembeni yangu, anadhani naandikiana na mteja. Namba yangu 23, wameita 19.

Nesi_wa_Zamu
Chaki hufutika. Angalia kama bado inasomeka.

Sindano_Butu
Cha mwisho kimefutika kidogo. Nakiandika tena, nimeazima kalamu kwa mume.

Chai_Rangi
Karafuu_Kavu, yule ng'ombe wa babako mwisho wake ilikuwaje?

Karafuu_Kavu
Tulimla.