Mjadala: Alfred Deakin ahesabiwe mjenzi wa taifa au mfunga milango?

Mwalimu Mstaafu:
Ndugu zangu, naleta hoja. Alfred Deakin, mzaliwa wa Melbourne wa mwaka 1856, alikuwa Waziri Mkuu wa Australia mara tatu kati ya mwaka 1903 na 1910. Yeye ndiye aliyeufikisha bungeni muswada ulioanzisha Mahakama Kuu ya nchi ile, na ni chini ya serikali yake, mwaka 1908, ndipo pensheni ya wazee ilipopitishwa kuwa sheria ya taifa zima. Lakini mtu huyo huyo, akiwa Mwanasheria Mkuu mwaka 1901, alisimama kuitetea sheria ya uhamiaji iliyowafungia mlango watu wasio Wazungu. Je, tunaweza kuyasifu ya kwanza na kuyaweka kando ya pili, au yote ni kazi ya fundi mmoja na kwa ramani moja? Naongeza kwa kupita tu kwamba, hata alipokuwa Waziri Mkuu, aliliandikia gazeti la Morning Post la London makala zisizo na jina lake, kwa malipo, akiieleza serikali yake kana kwamba anaitazama kwa mbali.

Nahodha:
Mwalimu, hilo unalosema unaliongeza kwa kupita ndilo zito kuliko yote. Kiongozi wa nchi anapokea fedha kutoka gazeti la ng'ambo, anajificha, kisha anawaeleza wasomaji wa London jinsi Waziri Mkuu anavyoendesha mambo, na Waziri Mkuu mwenyewe ni yeye! Leo hii waziri wa kwetu akikutwa na jambo hilo hamalizi wiki ofisini. Mimi sihitaji kwenda kwenye sheria za uhamiaji ili nimpime mtu wa namna hiyo.

Mkaaji wa Melbourne:
Nahodha, unahukumu makala ambazo ni dhahiri hujazisoma. Deakin hakujipigia debe peke yake humo. Mara kwa mara alijikosoa na kuwatendea haki wapinzani wake kuliko walivyomtendea yeye. Alianza kazi hiyo mwaka 1901, wakati Uingereza haikujua lolote la maana kuhusu siasa za makoloni yaliyokuwa yameungana mwezi Januari mwaka huo huo. Sisi tunaoishi huku tunalijua jambo hili vizuri zaidi.

Nahodha:
Kuishi Melbourne si shahada ya historia, ndugu yangu. Mtu anayejikosoa kwa jina la kificho bado anajificha. Tena kujikosoa huko ndiko kulikowafanya wasomaji waamini kwamba mwandishi hana upande.

Binti wa Pangani:
Kaka zangu mnagombania gazeti, huku watu waliorudishwa bandarini hawajatajwa hata mara moja. Hebu niueleze mtihani wa imla wa sheria hiyo ya uhamiaji ulivyokuwa. Ofisa alimsomea abiria kifungu cha maneno 50 kwa lugha yoyote ya Ulaya, na abiria alitakiwa kukiandika. Lugha aliichagua ofisa, wala si abiria. Asiyetakiwa aliweza kupewa lugha ambayo hajawahi kuisikia, na akishindwa alikuwa mhamiaji haramu kisheria, bila rangi yake kuandikwa popote. Ujanja huo ulitoka Natal, Afrika Kusini, ambako mtihani wa lugha uliwekwa mwaka 1897 ili kuwazuia Wahindi, na Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni mjini London, aliupendekeza kwa wengine kwa sababu ulibagua bila kutamka ubaguzi. Kisha mwishoni mwa mwaka 1906, Deakin akiwa Waziri Mkuu, likaanza zoezi la kuwarudisha visiwani kwao, katika Bahari ya Pasifiki, maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya miwa ya Queensland, wengine wakiwa wamekwisha kuoa na kuzaa huko. Hayo ndiyo ya kujadili, si nani alilipwa na mhariri gani.

Mkaaji wa Melbourne:
Dada, sikubali kuambiwa kwamba nakwepa. Kama tunataja watu wa kawaida, basi tuwataje wote. Mwaka 1907 Jaji Higgins alisikiliza shauri la kiwanda cha mashine za kuvunia kilichokuwa Sunshine, karibu na Melbourne, akachunguza matumizi ya nyumba za wafanyakazi. Aliona kwamba kodi ya nyumba, vyakula na kuni pekee vilifika wastani wa shilingi 32 na peni 5 kwa wiki, kabla hata ya kununua viatu. Ndipo akaamua kwamba kibarua asiye na ujuzi alipwe angalau shilingi 7 kwa siku, ili aweze kumtunza mke na watoto watatu. Shauri lile lilitokana na sheria ya serikali ya Deakin. Nitajieni viongozi wa zama zile waliofika hapo.

Mwalimu Mstaafu:
Hapo ndipo nilipotaka tufike. Sheria hiyo ilikuwa sehemu ya mpango ulioitwa Ulinzi Mpya: mwenye kiwanda analindwa na ushuru dhidi ya bidhaa za nje, na yeye anasamehewa ushuru wa ndani akilipa mshahara wa haki. Mahakama Kuu iliibatilisha mwaka 1908, lakini kipimo cha Higgins kilidumu. Sasa tazameni hoja ya Deakin ya mwaka 1901. Hakusema kwamba Wajapani ni duni. Alisema ni hatari kwa sababu ya sifa zao njema, yaani bidii, uvumilivu na kuridhika na maisha ya gharama ndogo. Kwa mawazo yake, ujira wa Sunshine usingesimama bila mlango wa bandarini kufungwa. Hata pensheni ya mwaka 1908 iliwaacha nje wenyeji asilia na Waasia wasiozaliwa Australia. Ndiyo maana nasita kuitenganisha sheria njema na mbaya.

Nahodha:
Hayo ni maelezo mazuri, Mwalimu, ila tabia ya mtu haibadiliki. Mwaka 1909 aliungana na wahafidhina aliowapinga miaka yote ili arudi madarakani, na Sir William Lyne, aliyekuwa waziri wake, akampigia kelele bungeni, "Yuda! Yuda! Yuda!" Billy Hughes, mbunge wa chama cha Labour, akaongeza kwamba kumwita hivyo ni kumwonea Yuda, ambaye angalau alijinyonga baadaye. Wapiga kura wakamwondoa mwaka uliofuata.

Mkaaji wa Melbourne:
Msaliti gani huyo ambaye mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 22, alijiuzulu ubunge katika hotuba yake ya kwanza kabisa, kwa sababu karatasi za kura ziliisha katika kituo kimoja na ushindi wake ukatiliwa shaka? Aliingia kwenye uchaguzi wa marudio, akashindwa. Nahodha, nionyeshe mwanasiasa wako mmoja aliyefanya hivyo.

Binti wa Pangani:
Kama tunarudi kwenye ujana wake, tusiuruke mwaka 1886. Bunge la koloni la Victoria lilipitisha sheria iliyowatoa kwenye makazi yao, kama Coranderrk, wenyeji wenye asili mchanganyiko walio chini ya umri wa miaka 34, na familia zikagawanyika.

Mkaaji wa Melbourne:
Waziri Kiongozi wa Victoria wakati huo alikuwa Duncan Gillies, si Deakin.

Binti wa Pangani:
Ilikuwa serikali ya mseto ya Gillies na Deakin, ndugu yangu, na wizara iliyosimamia mambo ya wenyeji asilia ilikuwa mikononi mwa Deakin.