Picha za magari ya kale zinazovunja mbavu: hili tairi la yai linaelezwaje?

Kabureta_Moja:
Wakuu habari zenu. Nimekesha napekua picha za magari ya zamani nimecheka mpaka basi, ila kuna moja imenishinda naomba mnisaidie. Ile ya mpiga picha Jacques Henri Lartigue, gari namba 6 kwenye mbio za Grand Prix ya Ufaransa miaka ya 1912 hivi, mbele limekatika halijaenea kwenye picha, halafu tairi la nyuma limekuwa yai tena limeinamia mbele, na watazamaji pembeni nao wote wameinamia nyuma. Sasa hapo tatizo ni gari, ni upepo au ni kamera? Na kama una picha yako inayokuchekesha itupie humu tucheke wote.

Shata_Pazia:
Gari zima kabisa mkuu, ni kamera. Zile kamera shata yake ilikuwa pazia lenye mwanya mwembamba linapita mbele ya kioo kinachonasa picha, kwahiyo picha haipigwi yote kwa mpigo, inaingia kipande kwa kipande. Hapo chini ya tairi pameshapigwa, pazia linafika juu tayari gari limesogea mbele, ndo maana tairi limelala. Na watazamaji wameinamia nyuma kwa sababu Lartigue alikuwa anaizungusha kamera kulifuata gari, ila gari likamzidi mbio, sasa waliosimama wakawa kama wanarudi nyuma kwenye fremu. Mimi hiyo ndo picha yangu namba moja ya magari, hakuna nyingine inayokuonyesha SPIDI namna ile.

Kabureta_Moja:
Duh, na mimi nilishaanza kuwaza walikuwa wanatumia rimu za aina gani 😂 asante sana mkuu.

DadaSpana:
Mimi wa kwangu ni Bud jamani!! Yule mbwa aliyevuka Marekani 1903 na Horatio Nelson Jackson na fundi wake Sewall Crocker, San Francisco mpaka New York siku 63 kwenye gari la Winton, watu wa kwanza kuvuka nchi ile kwa gari. Jackson alimnunua njiani, na kwa vile gari halina kioo cha mbele vumbi lote linaishia machoni, Bud naye akavishwa miwani yake ya vumbi kama mabosi wake. Ebu muangalieni vizuri, amekaa mbele pale, uso umekunjamana, miwani mikubwa, yuko siriasi kuliko dereva. Gari na miwani yake viko makumbusho ya Smithsonian mpaka leo na wanastahili.

Mzee_Hendeli:
Dada Spana huyo mbwa nampa heshima zote. Mimi nacheka nikiona Model T ya Ford inapanda mlima kinyumenyume, abiria wametulia tuli wanaangalia walikotoka. Vijana wanadhani ni mbwembwe, hapana wanangu. Tangi liko chini ya siti na pampu hakuna, mafuta yanateremka yenyewe kwenda kwenye kabureta, sasa mlima ukiwa mkali na mafuta machache kabureta inakuwa juu kuliko tangi, injini inazima. Geuza gari uupande mlima kwa rivasi, tangi linakuwa juu, na rivasi yenyewe ina nguvu kuliko gia ya kwanza. Ford alitengeneza zaidi ya milioni 15 kuanzia 1908 mpaka 1927, piga hesabu ni milima mingapi imepandwa kwa mgongo.

Shata_Pazia:
Shikamoo mzee. Kwahiyo shingo ndo ilikuwa inaumia kuliko injini 😂

Mzee_Hendeli:
Marahaba. Shingo inapona, shika hendeli ya kuwashia vibaya ikurudishie teke ndo utajua, mkono unavunjika. Kidole gumba unakiweka upande mmoja na wenzake, usiizungushie hendeli. Kwenye picha za watu wanawasha gari mimi huwa naangalia gumba kwanza.

Isetta_Damu:
Kagari ka Isetta mmekasahau kweli?! Mlango mmoja tu na uko usoni, ukifungua usukani unatoka nao. Zile za Uingereza za matairi matatu zilikuwa hazina rivasi ili mtu aendeshe kwa leseni ya pikipiki, sasa ingia gereji pua igote ukutani: mlango haufunguki, kurudi nyuma huwezi. Unatokea juu kwenye paa la turubai, nalo liliwekwa liwe mlango wa dharura. Kagari katamu sana kale, nakapenda kufa.

DadaSpana:
Basi nani ana ile picha ya Rais Lyndon Johnson wa Marekani kwenye Amphicar ya bluu, lile gari linaloelea majini, akiwa ziwani 1965? Alikuwa anateremka na wageni anapiga kelele kwa utani eti breki zimekufa, wageni roho mkononi, gari linaingia majini linaelea linaenda zake, matairi ya mbele ndo usukani wa majini. Ninayo ila ndogo, haionekani sura za abiria, na mimi nazitaka SURA.

Isetta_Damu:
Ninayo kubwa dada, naiskani naitupia sasa hivi.