Naomba ushauri: nawatabirije washindi wa Wild Card (raundi ya kwanza ya mchujo wa besiboli Marekani), na je, nimwambie mzee ukweli?

Kijana_wa_Mafinga (Jumatatu, 29 Septemba 2025)

Wakuu habari zenu, na wakubwa wote shikamooni.

Naishi Cleveland, Ohio, huu mwaka wa tano, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kila msimu besiboli ikifika mchujo, pale kazini hutolewa karatasi. Unaandika nani atashinda kila pambano la raundi ya kwanza na kwa mechi ngapi, kisha unaitumbukiza kwenye boksi la viatu lililoko jikoni. Hakuna hela. Anayepatia zaidi mpishi anamwokea pai ya matufaha, na jina lake linabandikwa mlangoni pa ukumbi wa chakula hadi mwaka unaofuata.

Mwaka jana nilijaza timu zote nne za nyumbani, kwa kuwa ndizo zilizomaliza juu: Astros, Orioles, Brewers na Padres. Nikapata Padres peke yake. Mzee ninayemhudumia asubuhi, ana miaka 84, aliiangalia karatasi yangu akasema nimesoma msimamo wa ligi, besiboli sijaisoma. Yale maneno nimekaa nayo mwaka mzima. Msimu huu nimetazama naye mechi karibu kila jioni niliyokuwa zamu.

Kwa wasioufahamu mfumo: kuna ligi mbili, American League na National League, na kila ligi inaingiza timu 6. Mbili za juu zinapumzika. Ya 3 inaikaribisha ya 6, ya 4 inaikaribisha ya 5, na mechi zote zinachezwa kwa mwenyeji. Wa kwanza kushinda mbili anasonga. Safari hii Guardians wetu wa Cleveland wanacheza na Detroit Tigers, Yankees na Red Sox, Dodgers na Cincinnati Reds, Cubs na San Diego Padres.

Ugumu wangu uko kwa Tigers. Kesho wanamwanzisha Tarik Skubal, na kwa macho yangu hakuna mrushaji (anayewarushia wapigaji mpira) bora kuliko huyo kwenye American League. Nikikaa na roho yangu naona Tigers wanapita. Lakini mzee ni Guardians damu. Cleveland mara ya mwisho kutwaa ubingwa ni 1948, yeye akiwa na miaka 7. Mwaka 2016 walifungwa na Cubs kwenye mechi ya 7 ya fainali, hapahapa nyumbani, na anaisimulia kama msiba. Karatasi zinasomwa kwa sauti wakati wa chakula. Ataisikia yangu.

Kwa hiyo naomba mnisaidie mawili. Mtu anaangalia nini hasa kwenye pambano fupi kama hili? Na je, niandike ninachokiamini?

Mwisho wa kukusanya ni kesho saa tano asubuhi. Nawasilisha.

---

Mkwaju_Mkavu

Mkuu, na ujuzi wote huo kwa nini usiweke mkeka? Mechi ya Cleveland huku Dar inaanza saa mbili usiku, muda mzuri kabisa. Hiyo ya Yankees ndiyo saa saba usiku, na ya Dodgers alfajiri.

---

Kijana_wa_Mafinga

Mkeka hapana ndugu yangu. Hapa ninachotafuta ni heshima ya yule mzee.

---

Nuru_wa_Toronto

Karibu kwenye mateso, mdogo wangu. Mimi ni Blue Jays, timu ya Toronto, nimeyapata ya raundi hii mara mbili.

Mwaka 2022 nilikuwa uwanjani, mechi ya pili dhidi ya Seattle. Tulikuwa tunaongoza 8–1. Nane kwa moja! Watu walishaanza kupanga safari ya Houston. Tukafungwa 10–9, tukarudi nyumbani kwa treni bila mtu kuongea. Mwaka uliofuata Minnesota, José Berríos anarusha vizuri kabisa, kocha akamtoa baada ya mipira 47 kwa kuwa mpango uliandikwa kabla ya mechi. Tukalala 2–0.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu hivi. Msimu ni mechi 162, na timu inahitaji warushaji watano wa kuanza. Kwenye mechi tatu inahitaji wawili, labda watatu. Timu iliyoshinda 97 kwa sababu ina watu wengi wa wastani inakutana na timu iliyoshinda 86 yenye watu wawili wakali, na ule utajiri wote unakaa benchi. Usisome ushindi wa msimu. Andika majina ya warushaji wa mechi ya kwanza na ya pili, uyaweke ubavu kwa ubavu. Baada ya hapo uliza nani anaingia iningi ya 7 na ya 8 (mechi ina iningi tisa, yaani vipindi vya kila timu kupiga). Hapo ndipo sisi tulipokufia 2022, kwa warushaji wa akiba.

Mwaka jana Orioles walimpa mpira Corbin Burnes. Akarusha iningi 8, akaruhusu pointi moja tu, akapoteza 1–0 kwa Royals. Kwa hiyo hata mrushaji mkali hakupi uhakika. Lakini ndiye kitu cha kwanza kutazama.

Kwa Yankees na Red Sox, tazama kesho: Garrett Crochet anaanza kurusha kwa Boston, ndio hao Red Sox. Msimu huu hakuna aliyewatoa wapigaji wengi kwa staraiki tatu (mipira halali mitatu iliyowashinda kupiga) kuliko yeye, 255. Na Boston wamewafunga Yankees mara 9 kati ya 13 mwaka huu. (Sisi tumepumzika. Tulilingana na Yankees kwa ushindi 94, tukawapita kwa kuwafunga wao kwa wao. Mungu ni mwema.)

---

Hesabu_Kwanza

Naongezea namba, maana mleta mada alichofanya mwaka jana karibu kila mtu hukifanya.

Tangu mfumo huu uanze 2022 hadi mwaka jana yamechezwa mapambano 12. Mwenyeji ameshinda 4 tu. Timu za nafasi ya 6 zimeshinda 4 kati ya 6. Phillies wa 2022 na Diamondbacks wa 2023 walitokea nafasi hiyo ya mwisho wakafika hadi fainali ya World Series. Mwaka 2023 fainali yote ilikuwa ya wa 5 na wa 6, Rangers wakachukua.

Lingine: aliyeshinda mechi ya kwanza ameshinda pambano mara zote 12. Na mapambano 10 yaliisha kwa 2–0.

Kwa hiyo ukijaza, elekeza akili yote kwenye mechi ya kwanza, halafu andika 2–0.

---

Mlinda_Lango

Hesabu_Kwanza, nakuheshimu mkuu, ila hilo la mwisho usimpe kijana kama sheria. Mwaka 2020, wakati wa korona, raundi ya kwanza ilikuwa ya mechi tatu vilevile. Oakland walipoteza ya kwanza kwa White Sox, wakashinda mbili. Padres walipoteza ya kwanza kwa Cardinals, wakashinda mbili. Inawezekana kabisa.

Timu zikiwa sawa kwa sawa, nusu ya mapambano yanapaswa kufika mechi ya tatu. Hayo 10 kati ya 12 ni kwa kuwa 12 ni idadi ndogo.

Na kuhusu ubora: timu yenye nafasi ya asilimia 55 kwenye mechi moja, nafasi yake kwenye mechi tatu ni kama asilimia 57. Imeongezeka kidogo mno. Sasa zidisha hiyo asilimia 57 yenyewe kwa yenyewe kwa mapambano manne, kupatia yote inabaki kama moja kati ya kumi, na hapo umechagua timu bora kila mahali. Kijana, ulivyopata moja mwaka jana hukukosea kwa aibu. Pambano ndivyo lilivyo.

---

Hesabu_Kwanza

Nakubali la 2020, niliisahau. Bado mechi ya kwanza ningeipa uzito mkubwa: timu zikilingana, aliyeshinda ya kwanza amebakiwa na nafasi tatu kati ya nne.

---

Ssebo_Lugazi

Sisi Uganda moyo uko Dodgers tangu 2022 waliposajili vijana wetu wawili. Lakini hata bila moyo: Blake Snell anaanza ya kwanza, Yamamoto ya pili, halafu Ohtani anapiga. Reds wameingia kwa ushindi 83 sawa na Mets, wakapita kwa rekodi ya wao kwa wao. Usipoteze muda kwenye hilo boksi. Andika Dodgers.

---

Mama_Tukuyu

Mwanangu, nami nimefanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, Uingereza. Nakujibu la pili.

Wazee wale siku nzima watu wanawaambia wanachotaka kusikia. Umependeza, umekula vizuri, mwanao atapiga simu. Wanajua. Huyu alikukosoa mwaka jana kwa sababu alikuona mtu wa kuongea naye. Ukiandika Guardians ili kumpendeza, na yeye mwaka mzima amekufundisha, atajua siku hiyohiyo umeacha kuwa mwanafunzi wake.

Ila usimwache asikie ukumbini mbele za watu. Nenda kabla. Kaa. Mwambie, babu, hesabu yangu imeniangukia huku, nionyeshe nilipokosea. Halafu nyamaza umsikilize.

---

Kijana_wa_Mafinga (Jumanne, 30 Septemba, asubuhi)

Mama, nimefanya hivyo. Asante sana. Nimeingia na chai yake saa moja na nusu nikamwambia.

Hakukasirika. Akaniambia nimsogezee kiti dirishani, akaanza kunihoji. Nani alimpiga Skubal Oktoba mwaka jana, mechi ya 5, uwanja huuhuu? Nikasema Lane Thomas, mpira ukavuka uzio wachezaji watatu wakiwa njiani, pointi nne kwa pigo moja. Na wiki iliyopita? Nikasema Guardians walimfunga 5–2, kwa kumgusia mipira mifupi mpaka akajichanganya. Na Tigers waliongoza hawa kwa mechi ngapi? Kumi na tano na nusu, na kabla ya Guardians hakuna timu iliyowahi kuziba pengo kubwa hivyo ikatwaa kundi lake. Akasema: haya, sasa una sababu gani?

Nikamjibu kwamba mrushaji wa kiwango kile hafungwi na timu moja mara mbili ndani ya siku nane. Na mechi ya tatu ikifika, wapigaji wa Guardians hawajapiga vizuri msimu mzima, kilichowabeba ni warushaji, na warushaji wenyewe wamechoka kwa kukimbiza lile pengo.

Alikaa kimya muda mrefu. Akasema sababu ya pili ni nzuri, ya kwanza ni matumaini tu. Yake ameandika Guardians 2–1.

Yangu: Tigers 2–1, Red Sox 2–0, Dodgers 2–0, Cubs 2–1. Nimetumbukiza.

---

Nuru_wa_Toronto

Umejaza kama mtu anayetazama mpira. Tuko pamoja.

---

Hesabu_Kwanza (Jumatano, 1 Oktoba)

Skubal jana: iningi 7 na theluthi mbili, wapigaji 14 kwa staraiki tatu, Tigers 2–1. Crochet naye 11, Boston 3–1. Yankees iningi ya 9 walijaza vituo vyote bila mtu kutoka, wakaambulia patupu. Kijana, unaendelea vizuri.

---

Kijana_wa_Mafinga (Ijumaa, 3 Oktoba)

Wakuu, nimerudi na majibu.

Tigers wamepita 2–1. Jumatano Guardians walishinda 6–1, wakafunga pointi tano iningi ya 8, ukumbi wote ukasimama, walioweza kusimama. Mzee alinishika mkono hakuuachia mpaka mechi ikaisha. Jana Tigers wakashinda 6–3. Ilikuwa 1–1 hadi Dillon Dingler alipopiga mpira ukavuka uzio iningi ya 6, na ya 7 wakaongeza nne.

Dodgers wamemaliza 2–0, Cubs 2–1. Yankees ndio walioharibu hesabu yangu: walipoteza ya kwanza wakashinda mbili, kama Mlinda_Lango alivyoonya. Mechi ya tatu wakampa mpira kijana Cam Schlittler, hata msimu mmoja kamili hajamaliza, mzaliwa wa Massachusetts huko huko kwa Boston. Iningi 8, wapigaji 12 kwa staraiki tatu, 4–0. Safari hii mapambano matatu kati ya manne yamefika mechi ya tatu, na wenyeji wameshinda matatu. Kumbe kwa karatasi yangu ya mwaka jana ningepata tatu vilevile.

Nimepatia washindi watatu, wote na idadi ya mechi. Dada wa dobi naye kapatia watatu ila mechi kakosea, kwa hiyo pai ni yangu.

Mzee jana usiku hakutaka kula. Nilimwachia supu nikakaa naye taa ikiwa imezimwa. Leo asubuhi nilipopeleka chai nilikuta ameshaamka, ameshika kalamu. Kaniuliza Skubal alirusha Jumanne, akipumzika siku zake nne, raundi ijayo dhidi ya Seattle Mariners anarusha mechi ya ngapi. Nikasema ya pili, Jumapili. Akasema basi Tigers wanaingia Seattle bila yeye kwenye ya kwanza, na raundi hii ni ya kushinda mechi tatu, kwa hiyo mrushaji wa nne anaanza kuwa na maana.

Karatasi mpya inakusanywa kesho asubuhi. Yeye anasema Mariners. Mimi bado sijaandika. Timu iliyopumzika siku tano, wapigaji wake wanaingia wakiwa wa moto au wamepoa? Nuru, wenu pia wamepumzika na wanawakaribisha Yankees, unaonaje?