Silikanti, silomu, seliaki: hiyo "coel-" ni moja au tunachanganya?

Kidato5_Chumbageni

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa istilahi za baiolojia. Kwenye daftari nina maneno yanayoanza na "coel-": silikanti (samaki wetu wa hapa Tanga), silenterata, silomu. Yapo pia yanayoishia nayo: blastosili, himosili. Kwenye kundi la kusoma mmoja kaongeza ugonjwa wa seliaki. Mwingine kaongeza haidrosili, yaani busha, akasema maana yake ni "uvungu wa maji".

Je, yote yametoka neno moja la Kigiriki? Na kama "coel" ni uvungu, silenterata si ndio wangekuwa wa kwanza kuwa na silomu? Mbona kitabu kinasema hawana?

Mchimba_Mizizi

Neno ni koilos, "chenye uvungu", kama mwanzi au mti uliooza kiini. Walatini walipolichukua, k ikawa c na oi ikawa oe. Baadaye c iliyo mbele ya e ikaanza kusomwa s, ndiyo maana masikio yako yanapata "si" au "se" mahali ambapo Mgiriki alisema "koi". Tena kwa haki huu ni mzizi, si kiambishi awali. Umeshauona mwenyewe mwishoni mwa blastosili.

Ukishajua hivyo, usitafsiri nusu ya neno. Jiulize uvungu wa nini, na jibu liko kwenye nusu ya pili.

Silikanti: akantha ni mwiba, kwa hiyo "mwiba wenye uvungu". Jina alilitoa Louis Agassiz mwaka 1839 kwa samaki wa kwenye mawe, Coelacanthus, miaka 99 kabla dunia ya sayansi haijamwona aliye hai kule Afrika Kusini, Desemba 1938. Miiba inayosemwa ni ile ya mifupa inayoshikilia pezi la mkia. Nje ina ganda la mfupa, ndani gegedu. Gegedu halidumu kama mfupa, basi kwenye mwamba kikabaki kibomba. Wanafunzi wengi huandika kwamba jina limetokana na uti wa mgongo wenye uvungu. Ni kweli silikanti ana notokodi (mhimili laini wa mgongo) iliyo kama bomba lenye majimaji ndani, lakini jina halikutoka huko. Mtahini makini atakukata.

Yule aliye hai anaitwa Latimeria chalumnae: Latimeria kwa heshima ya Marjorie Courtenay-Latimer aliyemgundua, chalumnae kwa mto Chalumna, maana alivuliwa karibu na mdomo wake. Hapo hakuna Kigiriki cha kutafuta.

Silenterata: enteron ni utumbo. Uvungu wao NI utumbo. Konyeza, anemoni, matumbawe: mwili ni kama mfuko, tundu moja, chakula kinaingia hapo na uchafu unatokea hapo hapo. Silomu ni kitu kingine kabisa, ni nafasi iliyo kati ya utumbo na ukuta wa mwili. Mzizi mmoja, vyumba viwili. Kwa hiyo kitabu chako kiko sawa. Na ukiulizwa uainishaji wa sasa, kundi hilo limegawanywa kuwa Nidaria na Tenofora. Nidaria ni kutoka knide, mmea unaowasha, na aliyewahi kuguswa na konyeza haulizi kwa nini.

Blastosili: blastos ni chipukizi, ni uvungu ulio ndani ya kiinitete kichanga. Hili halina utata.

Seliaki linaingia, ila kwa mlango wa nyuma: koilos ilizaa koilia, "tumbo", na koilia ikazaa koiliakos, "wa tumbo". Ndiyo maana kuna ugonjwa wa seliaki, ambapo gluteni ya ngano, shayiri na rai huufanya mwili ushambulie utumbo mwembamba wake wenyewe. Pia kuna ateri ya seliaki, inayopeleka damu kwenye tumbo la chakula, ini na bandama. Hapo usitafsiri "uvungu", tafsiri "tumbo".

Busha nawaachia watu wa afya.

Afya_Mwambao

Nalichukua mimi, maana kosa hili nimeliona hata kwenye maandishi ya watu wazima.

Haidrosili SI uvungu wa maji. Sehemu yake ya mwisho ni kele, neno jingine la Kigiriki lenye maana ya uvimbe au ngiri. Kwa hiyo ni "uvimbe wa maji", karibu sawa na tunavyoliona busha lenyewe. Varikosili ni ndugu yake: uvimbe wa mishipa ya vena kwenye korodani.

Mkanganyiko unatoka kwenye tahajia. Wengi huandika blastosili kwa "-coel", wengine huandika kwa "-cele", na hapo inafanana herufi kwa herufi na ile ya busha. Njia ya kutofautisha: neno likitaja ugonjwa unaovimba, ni kele. Likitaja sehemu ya kawaida ya mwili au ya kiinitete, ni koilos.

Kichekesho ni kwamba maji ya busha hujikusanya kwenye mfuko unaozunguka korodani, na mfuko huo kiasili ni kipande cha utando wa tumbo kilichoshuka na korodani kabla ya mtoto kuzaliwa. Kwa maneno mengine, maji yamekaa ndani ya mabaki ya silomu! Lakini aliyelipa jina hakuwa na habari hiyo, naye mwenzako asijitetee nayo.

Ongeza na koilonikia kwenye orodha yako. Onix ni ukucha: "ukucha wenye bonde". Hili limebaki na k ya Kigiriki. Kucha hubonyea katikati kama kijiko, mara nyingi kwa upungufu wa madini ya chuma, na safura ni moja ya visababishi. Kipimo chake ni rahisi: dondosha tone la maji juu ya ukucha ulionyooshwa sawa. Kwenye ukucha wa kawaida litateleza, kwenye koilonikia litatuama.

Hadubini_Pangani

Kwa silomu, acheni kukariri "ya kweli" na "bandia" bila kuiona. Chukua slaidi mbili za mkato wa kukingama, nyungunyungu na askarisi (mnyoo wa tumboni). Anza na lensi ya x4 uone duara zima, kisha x10.

Usitafute tundu, matundu yapo kwa wote wawili. Tafuta msuli. Kwa nyungunyungu, kutoka nje: ngozi, msuli wa mviringo, msuli wa urefu, utando mwembamba, ndipo nafasi. Ukivuka nafasi unakuta msuli tena, umezunguka utumbo. Msuli pande zote mbili maana yake mesodemi (tabaka la kati la kiinitete, linalozaa misuli) imeizunguka nafasi yote, na hiyo ndiyo silomu. Kwa askarisi msuli uko upande wa ukuta wa mwili peke yake. Utumbo ni safu moja ya seli, hauna msuli. Hiyo ni silomu bandia. Planaria na tegu, ambao ni minyoo bapa, hawana nafasi kabisa, pamejaa tishu.

Kosa la kila mwaka: mtu anaelekeza mshale wa "silomu" ndani ya utumbo wa nyungunyungu. Ukiona kikunjo kinene kimening'inia kutoka juu kuingia ndani ya tundu, hiyo ni tiflosoli, na uko ndani ya utumbo. Rudi nje hatua moja.

Mchimba_Mizizi

Kabla hujaongeza maneno mengine, angalia haya yanayofanana kwa sura tu. Senositi, seli yenye viini vingi visivyotenganishwa na kuta, ni kutoka koinos, "-a pamoja". Senozoiki, zama za maisha za sasa, ni kutoka kainos, "mpya". Koenzaimu ni "ko" ya Kilatini iliyobandikwa kwenye enzaimu, wala hakuna "coen" yoyote ndani yake. Na silostati, chombo chenye kioo cha kufuatia jua, limetokana na neno la Kilatini la "mbingu". Herufi moja, n au l, ndiyo inayokuokoa mara nyingi, ila silostati haikuokoi. Hilo likariri tu.

Kidato5_Chumbageni

Shukrani sana wakuu. Busha nimelifuta. Limebaki himosili: haima ni damu, kwa hiyo "uvungu wa damu". Je, kamba na kaa wana himosili badala ya silomu, tuwaandike kama wasio na silomu?

Hadubini_Pangani

Hapana, waandike wenye silomu. Kiinitete cha kamba huwa nayo. Akikua inafinyika na kubaki vijinafasi kwenye ogani za uzazi na tezi za kutolea taka zilizo chini ya vipapasio. Nafasi kubwa unayoiona ukimpasua ni himosili, damu imemwagika humo ikiosha ogani moja kwa moja bila kapilari za kuirudisha. Kwenye mchoro weka lebo zote mbili, na ile ya silomu iguse ovari, siyo ile nafasi kubwa.